Tumbo la Seli: Jinsi Chembe ya Uhai Inavyomeza na Kujimeng'enya

Mwanafunzi anayeanza kujifunza biolojia hufundishwa mapema kwamba amiba, kiumbe mwenye seli moja tu, hana kinywa wala tumbo, na bado hula. Huutandaza mwili wake pande zote za chakula, miguu yake ya bandia ikakutana mbele, na chakula kikawa ndani. Aghalabu somo huishia hapo, na mwanafunzi huondoka akidhani kwamba huo ni ulaji wa viumbe duni wa madimbwini. Kumbe ulaji wa namna hiyo unaendelea usiku na mchana ndani ya mwili wake mwenyewe: katika mapafu, katika ini, katika bandama, na penye kila jeraha. Zaidi ya hayo, karibu kila seli ya mwili wake hujila yenyewe kidogo kidogo, na isingefanya hivyo isingedumu.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi hizo mbili. Ya kwanza, ambayo ni kumeza kitu kilichoko nje ya seli, huitwa fagositosisi. Ya pili, ambayo ni kufunga na kumeng'enya kitu kilichoko ndani ya seli yenyewe, huitwa otofaji. Asili ya majina yote mawili ni Kigiriki, na kitenzi cha kula kimo ndani ya kila moja. Vitabu vingi vya shule huzitenga kazi hizi katika sura mbalimbali kana kwamba hazijuani. Hapa zimewekwa pamoja kwa sababu zote mbili huishia katika tumbo moja, na kwa sababu ugonjwa wa kifua kikuu hauwezi kueleweka vema bila kujua tumbo hilo hufanya nini, na hushindwa lini.

MIIBA YA WARIDI

Mwaka 1882 mtaalamu wa wanyama aitwaye Ilya Mechnikov, aliyezaliwa mwaka 1845 karibu na mji wa Kharkiv katika nchi ambayo leo ni Ukraine, alikuwa akiishi Messina, katika kisiwa cha Sicily. Alikuwa ameacha kazi ya kufundisha katika chuo kikuu cha Odessa, naye akawa anachunguza watoto wa kiti cha pweza. Wanyama hao wadogo wa baharini wana miili inayopitisha mwanga, kiasi kwamba seli zilizomo ndani huonekana kwa hadubini zikitembea, bila haja ya kumpasua mnyama.

Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama sarakasi, naye akabaki peke yake na hadubini. Likamjia wazo kwamba huenda seli zile zenye kutangatanga ndizo walinzi wa mwili. Kama ndivyo, basi kitu kigeni kikipenyezwa chini ya ngozi ya mnyama yule, seli hizo hazina budi kukusanyika mahali hapo. Akachukua miiba ya waridi, akawachoma nayo watoto wa kiti cha pweza. Asubuhi yake akakuta seli zimeizingira miiba pande zote.

Uzito wa jaribio hilo ulikuwa katika jambo moja: kiti cha pweza hana mishipa ya damu kama ya binadamu. Matabibu wengi wa zama zile waliamini kwamba seli nyeupe zinazojaa penye uvimbe zimevuja tu kutoka katika mishipa, na tena walishuku kwamba ndizo zinazobeba vijidudu na kuvisambaza mwilini. Mechnikov aliweza kuonyesha kwamba seli zile zimekwenda zenyewe, na kwamba zimekwenda kula. Mwaka 1884 alieleza jinsi seli za kiroboto wa maji zinavyozimeza mbegu za kuvu zenye umbo la sindano zinazomtoboa utumbo. Seli zilipowahi, kiroboto alipona. Zilipochelewa, kuvu ilichipua na kiroboto akafa.

Wapinzani wake walishikilia kwamba kinga ya mwili imo katika majimaji ya damu, wala si katika seli. Mabishano hayo yalidumu kwa miaka mingi na hayakuwa ya upole. Hatimaye tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1908 aligawiwa Mechnikov pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani, aliyekuwa bingwa wa upande wa majimaji. Kama itakavyoonekana, pande zote mbili zilikuwa na haki.

KUMEZA, HATUA KWA HATUA

Katika mwili wa binadamu seli zenye kazi kubwa ya kumeza ni za aina mbili. Nyutrofili ni nyingi katika damu, ni nyepesi, na maisha yake ni mafupi. Hukimbilia penye jeraha katika muda wa saa chache, humeza bakteria, na hufia hapohapo; usaha unaotoka katika jipu ni mizoga yake kwa sehemu kubwa. Makrofaji hukaa ndani ya tishu kwa muda mrefu zaidi, na kila kiungo kina za kwake. Zile za mapafu hutembea juu ya kuta za vifuko vya hewa, zikizoa vumbi na vijidudu vinavyoingia kwa kila pumzi.

Kumeza huanza kwa kutambua. Uso wa makrofaji umejaa protini za kupokea, ambazo hushika alama zipatikanazo katika kuta za bakteria lakini zisizokuwapo katika seli za binadamu. Wapo hata hivyo bakteria wenye koti la utelezi, kama wale wa nimonia, ambao hawashikiki kwa urahisi. Hapo ndipo majimaji ya damu yanapoingia kazini. Kingamwili na protini nyingine za damu humpaka bakteria, na makrofaji hushika ule upako. Mwaka 1903 Almroth Wright na Stewart Douglas, waliokuwa wakifanya utafiti London, waliviita vitu hivyo vya damu opsonini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitoweo. Kwa msomaji wa Kiswahili jina hilo halihitaji maelezo marefu: ugali mkavu hausogei kooni pasipo mchuzi, na bakteria mwenye koti hamezeki pasipo kingamwili.

Kitu kikishashikwa, nyuzi za protini iitwayo aktini hujipanga chini ya utando wa seli na kuusukuma mbele. Kingo za utando hupanda pande zote za kile kitu hadi zikutane na kuungana. Kitu kinakuwa kimefungwa ndani ya kifuko kilichotokana na utando wa nje wa seli, na kifuko hicho huitwa fagosomu. Yafaa hapa mwanafunzi aelewe jambo ambalo hukosewa mara nyingi katika mitihani: kilichomezwa bado hakijaingia katika sitoplazimu. Kimo ndani ya seli lakini kimezungukwa na utando, sawasawa na chakula kilichoko tumboni ambacho bado hakijaingia katika damu.

Fagosomu changa haina madhara kwa aliyemezwa. Lakini katika muda mfupi utando wake hupata pampu za kusukumia ioni za haidrojeni ndani, nayo huanza kuwa chachu. Mwishowe huungana na vifuko vingine vilivyokwisha kuandaliwa, viitwavyo lisosomu, ambavyo humwaga humo vimeng'enya vyao. Lisosomu ndiyo tumbo la seli. Ndani yake mna vimeng'enya vya aina zipatazo 60, vya kuvunjia protini, mafuta, wanga na asidi za nukleo. Navyo hufanya kazi vizuri penye pH ya 4.5 hadi 5, ilhali pH ya sitoplazimu ni 7.2 hivi. Kwa kuwa kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara 10, mkusanyiko wa ioni za haidrojeni ndani ya lisosomu ni zaidi ya mara 100 ya ule wa sitoplazimu. Tofauti hiyo ni kinga ya seli yenyewe, kwa maana kimeng'enya kikivuja kidogo hujikuta mahali pasipokuwa na asidi, na nguvu yake hupungua sana.

Kwa bakteria, asidi na vimeng'enya havitoshi kila mara. Nyutrofili na makrofaji zina kimeng'enya kingine katika utando wa fagosomu ambacho hugeuza oksijeni kuwa vitu vikali, haidrojeni peroksaidi ikiwa mojawapo. Wako watoto wachache wanaozaliwa bila kimeng'enya hicho. Seli zao humeza bakteria kama kawaida, lakini baadhi ya bakteria hao hawafi, na watoto huteswa na majipu na nimonia za mara kwa mara. Kumeza ni jambo moja, na kuua ni jambo la pili.

HESABU ISIYOLINGANA

Tumbo hili la seli halikugunduliwa kwa kuonekana. Lilikisiwa kwanza kwa sababu ya hesabu iliyokataa kulingana.

Mwaka 1949 Christian de Duve na wenzake, katika chuo kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, walikuwa wakichunguza kazi ya insulini katika ini la panya. Walisaga ini na kuzitenga sehemu zake kwa mashine yenye kuzunguka kwa kasi. Walipopima kimeng'enya kimoja, fosfatasi ya asidi, walipata sehemu ndogo tu ya kiasi walichotazamia. Waliiweka sampuli katika jokofu, wakaipima tena siku chache baadaye. Safari hii nguvu ya kimeng'enya ilikuwa imepanda mara kadhaa.

Mtu mwingine angeweza kusema kwamba kipimo cha kwanza kilikosewa, akaendelea na insulini yake. De Duve alijiuliza kimeng'enya kile kilikuwa wapi siku ya kwanza, maana ini lililosagwa haliwezi kutengeneza kimeng'enya kipya jokofuni. Jibu likawa kwamba kilikuwa kimefungwa ndani ya vifuko, na kukaa siku kadhaa kulivichakaza vifuko hivyo hadi vikavuja. Baadaye vimeng'enya vingine kadhaa vya kuvunjavunja vilionekana kuwa na tabia ileile, na mwaka 1955 vifuko vikapewa jina la lisosomu. Alex Novikoff wa Marekani alisaidia kupata picha zake za kwanza kwa hadubini ya elektroni. De Duve alipata tuzo ya Nobel mwaka 1974, pamoja na Albert Claude na George Palade.

JARIBIO LA DARASANI

Lisosomu haionekani vizuri kwa hadubini ya kawaida ya shule. Hata hivyo, kazi ya kumeza na kutia asidi inaweza kutazamwa kwa paramesiamu, kiumbe wa seli moja apatikanaye katika maji ya dimbwi. Nyasi kavu zikilowekwa katika maji ya dimbwi na kuachwa kivulini siku kadhaa, paramesiamu huongezeka. Mwalimu achemshe taratibu hamira kidogo katika maji yenye rangi iitwayo Congo red, kwa dakika kama 10, kisha aipoze. Rangi hiyo ni nyekundu penye pH ya zaidi ya 5, na ni ya buluu penye asidi ya pH ya chini ya 3. Isishikwe kwa mikono mitupu wala isipeperushwe, kwa kuwa haifai kuingia mwilini. (Jina lake lisimpotoshe mwanafunzi: haitoki Kongo. Ilianza kuuzwa mjini Berlin mwaka 1885, katika mwaka uleule mkutano wa wakoloni wa kuigawa Afrika ulipomalizika mjini humo, na jina la Kongo lilikuwa midomoni mwa watu wote.)

Tone la paramesiamu na tone dogo sana la hamira hiyo vichanganywe juu ya kioo, pamoja na nyuzi chache za pamba za kumpunguzia mnyama mwendo. Baada ya dakika chache vifuko vyekundu vitaonekana ndani ya paramesiamu, vimejaa hamira. Darasa likiwa na subira litaona baadhi ya vifuko vikigeuka kuwa vya zambarau au buluu, na baadaye vikirudia wekundu. Wanafunzi wachore kifuko kimoja kila baada ya dakika mbili na kuandika rangi yake. Mchoro huo utawafundisha zaidi kuliko aya nyingi za maelezo, kwa sababu wataona kwamba kifuko cha chakula hubadilika hatua kwa hatua, na kwamba asidi huja baada ya kumeza.

SELI INAYOJILA

Kazi ya kumeza si vita tu. Seli nyekundu ya damu huishi siku zipatazo 120, kisha huwa ngumu na kuchakaa. Makrofaji za bandama na ini humeza seli kuukuu kama hizo zipatazo milioni 2 kwa kila sekunde. Madini ya chuma yaliyomo hayatupwi. Kwa siku moja makrofaji hurudisha katika damu miligramu 20 hadi 25 za chuma, ilhali utumbo hupokea miligramu 1 au 2 tu kutoka katika chakula. Ndiyo kusema kwamba damu ya kesho hujengwa kwa chuma cha damu ya jana.

Ubanaji matumizi wa namna hiyo umo pia ndani ya kila seli. Hadubini ya elektroni ilipoanza kutumika kwa wingi, watafiti waliona katika ini la panya vifuko vyenye mitokondria ndani yake, nusu zimemeng'enywa. Hiyo haikuwa karamu ya adui wa nje, maana mitokondria ni mali ya seli. Mwaka 1963 de Duve aliipa kazi hiyo jina la otofaji. Kwa miaka karibu 30 iliyofuata jambo hilo lilijulikana, lakini halikuweza kuchunguzwa kwa undani. Vifuko hutokea na kutoweka haraka, na hakuna aliyejua jeni zinazovitengeneza.

Aliyefungua mlango ni Yoshinori Ohsumi wa Japani, na chombo chake kilikuwa hamira, ileile inayoumua maandazi. Seli ya hamira ina kifuko kimoja kikubwa chenye kufanya kazi ya lisosomu, nacho huonekana kwa hadubini ya kawaida. Ohsumi alichukua hamira iliyokosa vimeng'enya muhimu vya kifuko hicho, akainyima chakula. Alikuwa kama mtu azimaye moto jikoni bila kuwazuia wapagazi wanaoleta vyakula. Kama kweli seli hujila wakati wa njaa, basi shehena isiyomeng'enywa itajaa mpaka ionekane. Na ndivyo ilivyokuwa: baada ya saa chache tu kifuko kilijaa vijifuko vidogo vikichezacheza ndani yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992. Mwaka uliofuata, baada ya kupekua maelfu ya hamira zenye jeni zilizoharibiwa, Ohsumi na mwenzake walipata aina 15 za hamira zilizoshindwa kujaza kifuko. Hizo ndizo zilizoongoza kwenye jeni za otofaji, na nyingi katika jeni hizo zikaonekana baadaye kwa binadamu pia. Alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Kifuko cha otofaji hakitokani na utando wa nje kama fagosomu. Hujengwa upya katikati ya sitoplazimu. Kwanza hutokea utando bapa kama sahani. Sahani hukua, hujikunja kuwa kikombe, na mdomo wa kikombe hufumba. Kwa hiyo kifuko hiki, otofagosomu, kina tando mbili, na ndani yake mna chochote kilichozingirwa: ribosomu, mitokondria mbovu, au rundo la protini zilizopinda. Kisha huungana na lisosomu, tumbo lilelile lililowameza bakteria. Amino asidi na mafuta yanayopatikana hurudishwa katika sitoplazimu kutumika upya.

Faida ya kazi hiyo wakati wa njaa ilionekana waziwazi mwaka 2004, watafiti wa Japani walipochunguza panya wachanga. Mara mnyama anapozaliwa, chakula kilichokuwa kikija kwa kitovu hukatika, na maziwa bado hayajaanza kumfaa. Katika saa hizo otofaji hupanda ghafla. Panya waliozaliwa bila jeni mojawapo ya otofaji walionekana wazima walipozaliwa, lakini amino asidi katika damu yao zilikuwa chache, nao walikufa katika muda wa siku moja. Miaka miwili baadaye ilionyeshwa kwamba panya wanaokosa otofaji katika ubongo tu hukusanya marundo ya protini ndani ya seli za neva, na hupoteza uwezo wa kutembea sawasawa, hata wakiwa wameshiba. Seli ya neva haigawanyiki ili kupunguza taka zake, basi isipozichoma hujaa.

Kutokana na matokeo kama hayo yamezuka madai mengi kwamba kufunga chakula huosha seli na kuponya magonjwa ya kila aina. Mwalimu atafanya vema kuwazindua wanafunzi. Ushahidi mwingi juu ya njaa na otofaji umetoka katika hamira na panya wa maabara. Isitoshe, otofaji haibagui nani wa kumsaidia: seli za saratani nazo huitumia kustahimili upungufu wa chakula ndani ya uvimbe.

KISICHOMENG'ENYEKA

Lipo jambo ambalo tumbo la seli haliliwezi kabisa, nalo ni vumbi la mawe yenye silika. Makrofaji ya pafu huimeza chembe ya silika kama inavyomeza bakteria. Vimeng'enya haviifanyi kitu, na badala yake chembe huharibu utando wa lisosomu hadi ukapasuka. Seli hufa, chembe hutoka ikiwa nzima, makrofaji ya pili huimeza, nayo hufa. Kila kifo huacha kovu kidogo, na kwa miaka mingi pafu hugeuka kuwa gumu. Ugonjwa huo, silikosisi, umewapata wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, na umeonekana pia kwa wachimbaji wa tanzaniti wa Mirerani. Mtu mwenye silikosisi huwa pia katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, jambo lisiloshangaza kwa kuwa walinzi wa mapafu yake wamedhoofika.

Kimelea cha kifua kikuu, kilichotangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, hakina mbio za kukwepa makrofaji. Kinyume chake, huingia ndani yake na kufanya makao humo. Kwa miaka mingi haikufahamika kinaishije katika nyumba yenye tumbo. Mwaka 1971 John Armstrong na Philip D'Arcy Hart, waliokuwa wakifanya kazi London, walitoa jibu la kwanza. Walizilisha makrofaji za panya feritini, protini yenye chuma ambayo huonekana nyeusi katika hadubini ya elektroni, hata lisosomu zikajaa weusi. Kisha wakazipa vimelea vya kifua kikuu. Vifuko vyenye vimelea vilivyokufa vilipata weusi, yaani viliungana na lisosomu. Vifuko vingi vyenye vimelea hai vilibaki vyeupe. Kimelea hai kilikuwa kimeuzuia muungano.

Lakini watafiti haohao walionyesha mwaka 1975 kwamba vimelea hai vilivyopakwa kingamwili kwanza viliingia katika lisosomu bila kizuizi, na havikufa. Hivyo kizuizi si silaha pekee. Ukuta wa kimelea, wenye nta nyingi, nao ni ngao. Tena kimelea kina uwezo wa kutoboa utando wa fagosomu na kuigusa sitoplazimu. Sehemu ya urithi inayohusika na utoboaji huo haimo katika chanjo ya BCG. Calmette na Guérin waliilea bakteria ya ng'ombe katika maabara kuanzia mwaka 1908 hadi 1921, wakiihamisha mara kwa mara kutoka chombo hadi chombo, na katika safari hiyo ndefu ikaipoteza sehemu hiyo pasipo wao kujua. Kovu dogo walilo nalo wanafunzi wengi katika mkono wa juu ni alama ya kimelea hicho kilichopungukiwa.

Hapa ndipo kazi mbili za makala haya zinapokutana. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Vojo Deretic nchini Marekani walizinyima chakula makrofaji zilizokwisha kumeza vimelea. Otofaji iliamka, vifuko vilivyokuwa vimezuiwa vikaanza kupata asidi na kuungana na lisosomu, na vimelea vingi vikafa. Kilichoshindikana kwa mlango wa nje kilifanyika kwa mlango wa ndani. Matumaini ya kupata tiba ya njia hiyo yalikuwa makubwa, lakini maumbile hayakuwa mepesi kiasi hicho: mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba panya waliokosa jeni kadhaa za otofaji hawakuzidiwa na kifua kikuu kuliko panya wa kawaida, isipokuwa walipokosa jeni moja maalumu, ambayo ilionekana kuwa na kazi nyingine pia. Kinachotokea katika sahani ya maabara si lazima kitokee katika pafu.

Kwa sasa vita hiyo hupiganwa kwa dawa. Hadi miaka ya 1960 tiba ya kawaida ilichukua miezi 18, na wagonjwa wengi waliikatisha. Katika miaka ya 1970 majaribio makubwa yaliyofanywa na mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika ya Mashariki na ya Uingereza, katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yalithibitisha kwamba miezi 6 yatosha, ikiwa rifampisini au pirazinamidi imeongezwa katika mchanganyiko. Wagonjwa waliopewa mojawapo ya dawa hizo mbili walirudiwa na ugonjwa mara chache zaidi kuliko wengine waliotibiwa kwa miezi 6. Pirazinamidi ina tabia ya ajabu: katika maji yasiyo na asidi haifanyi kazi kubwa, bali penye asidi huua. Katika miezi 2 ya mwanzo ya tiba hutolewa pamoja na dawa nyingine 3. Kikohozi aghalabu hutulia katika kipindi hicho, wakati vimelea vichache vilivyobaki bado vimelala, vingine vikiwa ndani ya makrofaji zilizovimeza.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Fagosomu ina utando mmoja, na otofagosomu ina tando mbili. Eleza tofauti hiyo kwa kuchora jinsi kila kifuko kinavyotokea.

2. Mwanafunzi alitumia dawa inayosimamisha pampu za haidrojeni katika utando wa lisosomu. Je, paramesiamu aliyelishwa hamira yenye Congo red angeonyesha rangi gani? Toa sababu.

3. Kwa nini de Duve hakuweza kueleza ongezeko la kimeng'enya kwa kusema kwamba kimeng'enya kipya kimetengenezwa?

4. Katika jaribio la mwaka 1971, vimelea vilivyokufa viliwekwa kwa kusudi gani? Matokeo yangekuwa na maana gani kama havikutumiwa?